Pumzi ya Nesma

Duz, 14 Oktoba 1986

Kaka yangu Lazhar,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini u mzima kweli, si mzima wa barua, maana wewe huandika "sijambo" hata ukiwa umeng'atwa mkono. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Tende zimetoka nzuri mwaka huu. Mitende yetu ya upande wa mfereji ilipandwa na kuanguliwa tende na watoto wa ami Sassi, kwa kuwa Baba hapandi tena na wewe hukuwepo. Sikulaumu, nakupa habari tu. Shangazi Mbarka anakusalimu. Magoti yamemchoka lakini mdomo bado una nguvu. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Na arusi yangu na Mokhtar, wakwe wanataka iwe kabla ya Ramadhani, inshallah.

Sasa neno lenyewe. Nesma ananuka kinywa.

Tumbo lake unalijua tangu ulipomwacha miguuni pa Baba ukasema mkae pamoja mpaka nirudi. Yule daktari wa wanyama wa Kebili alikwisha sema ni ugonjwa wa kudumu, hautapona, utatunzwa. Basi tumeutunza. Leo anakula, kesho anatapika povu la manjano, keshokutwa anakimbia uani kama hajawahi kuugua. Lakini hii harufu ni mpya, na imetuaibisha.

Wiki iliyopita mama yake Mokhtar, Bibi Zaara, alikuja na wanawake wawili. Tuliwaketisha chumba cha wageni, kuskusi ikaja, na Nesma akaweka kichwa kwenye goti la Baba kama kawaida yake, akisubiri tonge. Bibi Zaara alikula kidogo, kisha akajiziba pua kwa ncha ya shali. Akauliza kwa upole sana, "Huyu mbwa hana pa kulala nje?"

Baba akamjibu, "Huyu si mbwa, mama. Huyu ni slugi."

Walipoondoka, shangazi akaamua Nesma ahamie zizini kwa mbuzi pamoja na mbwa walinzi. Slugi, mwindaji wa mbio anayekaa chumbani na watu, zizini! Nilijaribu siku moja, nikafunga mlango wa zizi. Baba alichukua mto wake, akachukua sinia yake, akaenda kuketi huko huko kwenye samadi, akala na slugi wake. Majirani wakatuchungulia juu ya ukuta.

Kwa hiyo kinywa kisafike, ama sivyo nitaolewa zizini. Nimemtilia karafuu kwenye maziwa. Alinukia kama bibi arusi kwa muda mfupi, kisha akatapika kwenye busati. Wewe unayewashika mbwa wa Wafaransa kwa mshahara, tufundishe.

Dada yako,
Dhahbiya


Lyon, 9 Novemba 1986

Mdogo wangu Dhahbiya,

Barua yako imenifikia, nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la chakula cha paka. Nawasalimu wote. Mwambie shangazi nimeshaulizia dawa ya magoti. Wapongeze pacha wa mbuzi. Baridi imeanza, lakini chumba changu kina jiko. Suala la mitende nimelisikia. Nilidhamiria kuja wakati wa tende, ila karatasi zangu za kuishi hapa bado ziko mezani kwa wenyewe, na nikitoka kabla hazijatoka sitarudi tena. Tusilizungumze hilo.

Nimemweleza daktari ninayemfanyia kazi. Amenisikiliza vizuri, maana mbwa wenye tumbo la namna hiyo anawatibu kila wiki na mimi ndiye ninayewashika. Basi fanya hivi.

Karafuu acha kabisa. Inafunika harufu na kulichoma tumbo. Chakula apewe kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni, nyama isiyo na mafuta iliyochemshwa ikachambuliwa, pamoja na wali laini. Asipewe mafuta ya mkia wa kondoo, wala pilipili, wala mifupa. Maji yabadilishwe kila mara. Kisha kinywa chenyewe: zungusha kitambaa safi kwenye kidole, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu, uanze na meno ya nyuma, maana huko ndiko uchafu unakojificha, uje mbele polepole. Usimlazimishe. Kaa kando yake, si mbele yake, umshike kidevu kwa mkono wa kushoto, uongee naye. Anayefanyiwa hivi huona haya, hata akiwa mnyama. Ukimaliza, mpe maji yaliyolowekwa majani machache ya nanaa.

Daktari anasema pia harufu ina maana yake. Uchachu ni tumbo, uozo ni meno au kitu kibaya zaidi. Nusa vizuri uniandikie inanukaje na saa ngapi.

Baba usimlaumu. Tangu utoto wetu hakuna aliyekula mbele ya slugi bila kumkatia tonge. Lakini mweleze kwamba tonge lake ndilo linalomuua. Hajambo yeye? Hujaniambia.

Kaka yako,
Lazhar


Duz, 2 Desemba 1986

Kaka Lazhar,

Salamu. Shangazi amepokea dawa na anasema inanuka kuliko Nesma, lakini anaipaka. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Mokhtar amenunua mashine ya kushonea, iliyokwisha tumika lakini nzima.

Nimefanya yote. Mara ya kwanza Nesma alinitazama kama nimemtukana. Sasa nikichukua tu kitambaa anakuja mwenyewe, anafunga macho. Baba huketi pale pale akiangalia. Barua yako nilimsomea, akaniomba nirudie ile sehemu ya meno ya nyuma. Nikamtania kwamba anataka kuwa daktari. Akasema mtu hujifunza mpaka kaburini.

Kuhusu tonge, ameahidi. Ila mimi si mjinga. Nikimpelekea sinia na kurudi, sahani imelambwa mpaka inang'aa, na Nesma anajilamba. Nikimuuliza Baba anasema kala yeye, tena kala vizuri, niongeze kesho. Basi naongeza. Wewe unauliza kama hajambo. Anakula kuliko sisi sote, sasa nikuambie nini?

Maji ya nanaa yanakwisha haraka. Naweka bakuli limejaa asubuhi, adhuhuri limekauka. Sikujua slugi anapenda nanaa hivyo.

Harufu. Umeniambia ninuse, nimenusa, Mungu anisamehe, nimekuwa mwonjaji wa vinywa. Asubuhi kabla hajala, kinywa cha Nesma kina uchachu, kama maziwa yaliyolala. Nikimfuta, unakwisha. Lakini jioni, chumba kikifungwa kwa baridi, inakuja nyingine. Hiyo si ya uchachu. Ni nzito, kama chungu cha nyama kilichosahauliwa. Hiyo nikifuta haiondoki. Nimefua busati, nimefua mto. Muulize daktari wako.

Dhahbiya


Lyon, 28 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Theluji imeanguka hapa, watoto wanafurahi, mimi sifurahi. Niko mzima. Karatasi bado.

Nimemsomea daktari maneno yako kuhusu harufu, nikimfasiria moja moja. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Mwambie dada yako hizi ni harufu za mbwa wawili." Nikamwambia nyumbani hatuna mbwa wa pili ndani. Akainua mabega akaenda kuosha mikono.

Mimi naona ni tonge za Baba tu. Mafuta ya jioni yanaozea tumboni kwake. Mfunge Nesma uani wakati wa chakula, tena mbali, asisikie hata mlio wa sinia. Baba atakasirika siku mbili tatu, kisha atazoea. Kuwa na moyo mgumu kwa ajili ya kupona kwake. Mimi huku nawafunga mbwa wa watu kila siku na hawaniombei mabaya.

Niandikie upesi. Msalimie Baba, umwambie nakuja mara tu mambo yakikaa sawa.

Lazhar


Duz, 1 Machi 1987

Kaka Lazhar,

Najua nimechelewa. Barua zako mbili za katikati nilizipata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kusema kuhusu Nesma, na la kusema lilikuwa jingine.

Shangazi anakusalimu. Arusi imepangwa.

Nilimfunga Nesma uani kama ulivyosema. Amenenepa, Lazhar. Ukimwona hutaamini, mbavu zimefunikwa, hatapiki, choo kizuri, manyoya yanang'aa. Kinywa chake ungeweza kumlaza mtoto mchanga kando yake. Wewe na daktari wako mmeshinda.

Na sinia ya Baba ikaanza kurudi imejaa.

Siku ya kwanza alisema amefunga sunna. Siku ya pili akasema kuskusi ina chumvi. Baadaye aliisukuma tu sinia kando. Nilipomsaidia kubadili kanzu nikaona mkanda wake umetobolewa matundu mapya kwa msumari, moja baada ya jingine, na yale ya mwanzo yameshazeeka. Si ya wiki hii. Muda wote ule nilipokuwa naongeza chakula, aliyekula alikuwa Nesma, sahani mbili, yake na ya Baba. Baba alikuwa anamlisha ili mimi nione sahani tupu. Na yale maji ya nanaa, usiniulize nani alikuwa anayanywa.

Sasa nikueleze nililofanya, maana wewe hukuwepo na siwezi kumweleza mtu wa hapa.

Wakwe walikuja kufunga neno la arusi. Nesma nilikuwa nimemfunga chini ya kibanda cha makuti, mbali. Chumba nimekifukiza udi. Baba aliketi mahali pake, akawakaribisha, na alipofungua kinywa kuwakaribisha ile harufu nzito ikaja. Bibi Zaara aliinua ncha ya shali. Kisha akamtafuta mbwa. Nilimwona akiangalia kwenye kona, nyuma ya mito, mlangoni. Hakumwona mbwa. Macho yake yakarudi polepole, yakapanda kwenye goti la Baba, kifuani kwake, usoni.

Nikainuka. Nikatoka uani, nikamfungua Nesma, nikamwingiza ndani na kumkalisha magotini pa Baba. Nikasema mbele ya wote, "Mtusamehe jamani, huyu mbwa ananuka."

Lazhar, nilisema mbwa. Mbele ya Baba.

Alinitazama. Kisha akampapasa Nesma masikio, akawaambia wageni, "Ni kweli. Anazeeka huyu." Bibi Zaara akashusha shali, akatabasamu, mazungumzo yakaendelea. Nesma aliweka kichwa chake mahali pake pa zamani akatikisa mkia, hajui kashitakiwa kwa lipi.

Hapa hakuna ulimi wa kumwambia mzee kama yule kwamba kinywa chake kinanuka. Kwa hiyo tumemwambia mnyama, tangu Oktoba. Nami nilijua. Nilijua siku ile niliposoma mbwa wawili. Niliikunja ile barua, nikachukua kitambaa, nikamfuta Nesma meno mbele ya Baba, na nikaendelea kumfuta kila siku, meno yameshakuwa meupe, ili Baba aone kwamba naamini ni Nesma. Yeye naye akanyamaza ili arusi yangu isiahirishwe na wewe usiitwe nyumbani bila karatasi. Tukawa tunadanganyana juu ya mgongo wa mnyama. Shangazi alikuja kulia jikoni akasema mficha maradhi kilio humfichua, na sijui alimaanisha Baba au mimi.

Njoo.

Dhahbiya


Lyon, 15 Machi 1987

Mdogo wangu Dhahbiya,

Salamu nyingi kwa wote. Huku baridi inapungua. Nimefurahi sana kusikia Nesma amenenepa. Daktari naye amefurahi, anasema usilegeze masharti, tumbo la namna hiyo hurudi likipuuzwa. Endelea na nyama iliyochemshwa, na kitambaa angalau jioni. Kuhusu Baba, huenda ni jino bovu. Wazee wengi wana meno mabovu. Mpelekeni Kebili aangaliwe. Karatasi nimeambiwa ni mwezi ujao, kwa hiyo si busara kuondoka sasa, utaelewa. Nitajaribu kwa ajili ya arusi.

Lazhar


Duz, 27 Machi 1987

Kaka,

Nesma mzima. Sikukuandikia kuhusu Nesma.

Tunampeleka Baba hospitali ya Gabes.

D.


Gabes, 18 Aprili 1987

Mdogo wangu Dhahbiya,

Hii nampa ami Sassi aje nayo, kwa hiyo itakufikia kabla ya jua kuzama kesho. Salamu kwa shangazi. Kwa Mokhtar pia, na umwambie mama yake kwamba mimi kaka mtu nimerudi, na sina karatasi ya Ufaransa wala haja nayo. Ile barua yako ya mistari miwili niliisoma nimesimama, mbwa wa mtu yuko mikononi mwangu. Nilimkabidhi kwa daktari nikavua koti la kazi.

Nilikuwa naandika kuhusu mbwa kwa sababu mbwa nilikuwa najua la kumfanyia. Kila nilipofika kwenye jina la Baba, kalamu ilinikimbia ikarudi kwa Nesma. Ulipoandika harufu ya chungu cha nyama, Dhahbiya, nami nilijua. Nilimwona daktari alivyoacha kucheka. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, nami wako nilikuongezea mawe, nikakuambia mfunge Nesma mbali. Nilimnyang'anya mzee mlaji wake, mtu pekee aliyekuwa anamsaidia kuficha.

Wamempasua, wakaona, wakamshona. Ugonjwa wa tumboni ni wa zamani na hakuna la kuondoa. Wanasema arudi nyumbani. Hataki arusi isogezwe hata kidogo, ameniapisha.

Nilipofika alikuwa ameelekea ukutani. Nikainama nimbusu paji la uso, akageuza uso akaficha kinywa kwa kiganja. Hajaniona miaka yote hii na hakutaka nimnuse. Nikashika kile kiganja nikakitoa. Nikakaa kando yake, si mbele. Nikaomba maji ya uvuguvugu kwa muuguzi, na majani ya nanaa nikayapata kwa muuza chai pale langoni. Nikazungusha kitambaa kwenye kidole, nikamshika kidevu kwa mkono wa kushoto. Nilidhani amesinzia.

Akasema, "Anza na meno ya nyuma."

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba."

"Dhahbiya alinisomea mara mbili mbili. Uliandika vizuri. Nilikuwa najisemea, mwanangu ananiandikia mimi, hana tu namna ya kuliweka jina."

Nilikuwa nakamua kitambaa, nikaendelea kukikamua kilipokuwa kimeshakauka. Yeye akanisubiri. Kisha akauliza kama Nesma amekula leo. Nikasema amekula, kwamba wewe umemchemshia nyama isiyo na mafuta hata kidogo. Akauliza tena kama yuko uani. Nikamwambia hapana, Baba, slugi yuko ndani, mahali pake.

Nakuomba usinifanye mwongo. Mwingize ndani leo, usimfungie tena, na wageni wakija mwacheni akae. Sisi tunakuja Jumanne.

Aliposikia slugi yuko ndani, Baba akatulia, akanifungulia kinywa.

Kaka yako,
Lazhar